Cree imekwenda wapi? Jibu kwa fundi anayetunza taa zenye jina hilo

Swali: Mimi ni fundi umeme ninayesimamia matengenezo katika hoteli moja ya Mombasa. Taa za nje za uwanja wetu zilifungwa mwaka 2014 na zina jina la Cree. Nimesoma kwamba kampuni hiyo ilibadili jina ikawa Wolfspeed, kisha mwaka 2025 ikakimbilia mahakamani kwa sababu ya madeni. Je, aliyetengeneza taa zetu amefilisika? Na ilikuwaje kampuni iliyosifiwa kwa taa ikaacha taa?

Jibu: Ndugu fundi, nianze na lile linalokugusa moja kwa moja. Kampuni iliyokwenda mahakamani mwaka 2025 ilikuwa haimiliki tena biashara ya taa kama zako. Ilikuwa imeuza kitengo chake cha taa mwaka 2019, na kitengo cha chipu za LED mwaka 2021, na jina la Cree likaenda pamoja na vitengo hivyo kwa wanunuzi wawili tofauti. Kampuni mama ndiyo iliyovua jina ililozaliwa nalo. Kwa hiyo ufilisi uliousoma unaihusu Wolfspeed, na usiuhesabu kuwa ni wa kila kitu kinachoitwa Cree.

Swali lako la pili ndilo zito. Maelezo yanayotolewa mara nyingi, kwamba Cree ilishindwa na bei za Wachina kwenye balbu ikaamua kuondoka, yana ukweli lakini yanaanzia mwishoni. Ninavyoielewa historia yake, Cree tangu siku ya kwanza ilikuwa kampuni ya fuwele moja, na kila biashara iliyoingia, taa ikiwemo, ilikuwa njia ya kumpatia fuwele hiyo mteja. Taa zilikuwa mteja mkubwa kuliko wote, mpaka wenye viwanda walipogundua kwamba fuwele nyingine ya bei nafuu inawatosha.

Fuwele yenyewe ni kabaidi ya silikoni, yaani kiunganiko cha silikoni na kaboni, kitu kigumu kinachokaribia almasi, ambacho kwa miaka mingi kilijulikana zaidi kama unga wa kusagia na kung'arishia vyuma. Katika miaka ya 1980, kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina nchini Marekani, chini ya Profesa Robert Davis, kilikuwa kikitafuta namna ya kuikuza iwe fuwele kubwa na safi inayofaa kutengenezea vifaa vya umeme. Fedha za utafiti zilitoka kwa kiasi kikubwa katika ofisi ya utafiti ya jeshi la wanamaji la Marekani, iliyotaka vifaa vinavyostahimili joto na volti ambazo silikoni ya kawaida haiwezi. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika. Kabaidi ya silikoni haiyeyuki ikawa kimiminika cha kumiminwa na kupozwa katika mazingira ya kawaida; inabidi unga wake upashwe joto linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi hadi ugeuke mvuke, kisha mvuke huo utulie polepole juu ya kipande cha mbegu ya fuwele. Ukikosea joto kidogo tu, fuwele inajaa matundu na kasoro.

Mwezi Julai 1987, watu sita walianzisha Cree Research mjini Durham ili kuifanya elimu hiyo kuwa biashara: ndugu wawili Neal na Eric Hunter, Thomas Coleman, John Edmond, John Palmour na Calvin Carter. Wengi wao walikuwa wamesoma chuoni hapo, na kampuni ilichukua leseni ya hataza za chuo, yaani haki zake za uvumbuzi. Swali lao halikuwa namna ya kutengeneza taa bora. Walikuwa na fuwele ambayo karibu hakuna mwingine duniani aliyeweza kuikuza kibiashara, na walihitaji kitu cha kuuza kabla fedha hazijaisha.

Kitu hicho kilikuwa LED ya bluu. Wakati ule LED nyekundu na za kijani zilikuwepo, lakini bluu ilikosekana, na bila bluu hakuna namna ya kupata mwanga mweupe. Mwaka 1989 Cree ilianza kuuza LED ya bluu iliyotengenezwa kwa kabaidi ya silikoni, inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza kuingia sokoni. Ilikuwa hafifu mno. Sababu iko katika maumbile ya fuwele hiyo, ambayo sehemu kubwa ya nishati ya umeme inayopitishwa ndani yake huishia kuwa joto badala ya mwanga, wala hakuna ufundi unaoweza kuirekebisha tabia hiyo. Hata hivyo, kwa taa ndogo za kuonyesha kama chombo kimewashwa, bluu hafifu ilikuwa bora kuliko kukosa kabisa. Mwaka 1991 kampuni ilianza kuuza pia vibamba vyenyewe vya fuwele kwa watafiti na viwanda vingine, na Februari 1993 ikaingia katika soko la hisa la Nasdaq.

Miezi michache baadaye, Novemba 1993, Nichia ya Japani, kampuni ya kemikali kutoka mji mdogo wa Anan, ilitangaza LED ya bluu yenye mwanga mkali iliyotokana na kazi ya Shuji Nakamura. Ilitengenezwa kwa nitraidi ya galiamu, yaani kiunganiko cha galiamu na nitrojeni, iliyooteshwa juu ya yakuti, na mwanga wake uliifanya bluu ya Cree ionekane kama kibatari. Kampuni changa yenye bidhaa moja kuu ilikuwa imepitwa ghafla, na nyingi zingefia hapo.

Iliyoiokoa ni ile fuwele, kwa kazi nyingine. Kabaidi ya silikoni haifai kutoa mwanga, lakini inafaa sana kuwa kitanda cha kuoteshea nitraidi ya galiamu. Mpangilio wa atomi zake unatofautiana na wa nitraidi hiyo kwa asilimia 3 hivi tu, ilhali tofauti ya yakuti ni karibu asilimia 16. Inapitisha joto takriban mara kumi kuliko yakuti. Tena inapitisha umeme, kwa hiyo chipu yake inaweza kupokea umeme juu na kuutoa chini, wakati chipu ya yakuti, ambayo haipitishi umeme, inalazimika kuwa na viunganishi vyote viwili upande wa juu, ambako vinakula nafasi ya kutolea mwanga. Cree ikaacha kuitafuta bluu ndani ya fuwele yake na kuanza kuitafuta juu yake. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa inauza chipu za aina hiyo, na Siemens ya Ujerumani ikawa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa. Naomba ulishike jambo hili, maana ndilo lililoipa Cree ubora wa kipekee na ndilo lililoipa gharama ambayo baadaye haikuweza kuishusha: kitanda chake kilikuwa bora kuliko cha washindani, na kilikuwa ghali kuliko chao.

Kuna tawi jingine la historia hii ambalo wengi hawalijui. Fuwele ya kabaidi ya silikoni ikikuzwa iwe safi na kuchongwa, inang'aa kuliko almasi. Kampuni iliyoanzishwa North Carolina mwaka 1995, baadaye ikaitwa Charles & Colvard, ilinunua fuwele za Cree na kuziuza kama vito kwa jina la moissanite. Pete za uchumba za Wamarekani wengi zimetoka katika matanuri yaleyale yaliyozaa chipu za taa. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha mwenendo wa kampuni: palipotokea mteja wa fuwele, Cree ilikwenda.

Mwaka 2000 ilijiita Cree, Inc., na mwaka huohuo ikanunua Nitres, kampuni ndogo ya Santa Barbara, California, iliyoanzishwa na maprofesa wa chuo kikuu cha huko. Nakamura, aliyekuwa ameondoka Nichia kwenda kufundisha Santa Barbara, akawa mshauri wake. Nichia haikukaa kimya, na kwa miaka miwili kampuni hizo mbili zilishtakiana mahakamani juu ya hataza na siri za kazi. Novemba 2002 zilimaliza kesi zote kwa kupeana leseni. Mapatano hayo yalikuwa na thamani kuliko hukumu yoyote, kwa kuwa yaliiweka Cree katika kundi dogo la kampuni zilizoweza kutengeneza LED nyeupe na kuziuza popote bila hofu ya kuburuzwa mahakamani. Ndiyo miaka ambayo simu za mkononi zilienea, na kila simu ilihitaji taa ndogo nyuma ya kioo na chini ya vitufe.

Kisha chipu zikapata nguvu ya kutosha kumulika. Mwaka 2006 Cree ilitoa LED ya kumulikia iitwayo XLamp XR-E, na miaka michache baadaye XM-L. Bila shaka umeona tochi zilizoandikwa CREE katika maduka ya Mombasa au Kariakoo. Jina hilo, hata linapokuwa la kweli, linataja chipu iliyomo ndani, wala si aliyeitengeneza tochi, na tochi nyingi zilizobandikwa jina hilo hazina chipu hiyo kabisa. Katika maabara kampuni iliendelea kuvunja rekodi: Machi 2014 ilitangaza LED iliyotoa lumeni 303 (lumeni ni kipimo cha mwanga) kwa kila wati moja ya umeme, wakati balbu ya zamani ya waya hutoa takriban lumeni 15.

Hapa ndipo uamuzi ninaouona mkubwa kuliko yote ulipofanyika. Muuza chipu hutegemea watengeneza taa, na watengeneza taa wa zama zile walikuwa wakijivuta, kwa kuwa kila taa ya LED inayodumu miaka mingi iliwapunguzia soko la balbu za kubadilishwa kila mara. Cree ikaamua kutengeneza taa yenyewe ili kuliharakisha soko. Mwaka 2008 ilinunua LED Lighting Fixtures, kampuni ya taa za kuzamishwa darini ambayo Neal Hunter alikuwa miongoni mwa walioianzisha baada ya kuondoka Cree. Mwaka 2011 ilinunua Ruud Lighting ya Racine, Wisconsin, kwa takriban dola milioni 525. Ruud ilikuwa mtengenezaji mzoefu wa taa za nje, za barabara, maegesho na viwanja, na kwa kuwa taa zako ni za nje na za mwaka 2014, kuna uwezekano mkubwa kwamba ubunifu wake unatokana na ukoo huo wa Racine.

Ununuzi huo ulikuwa na gharama isiyoandikwa katika hesabu. Watengeneza taa waliokuwa wakinunua chipu za Cree walijikuta wanamlisha mshindani wao. Hakuna mfanyabiashara anayependa hali hiyo kwa muda mrefu, na wengi wakaanza kutafuta chipu kwingine, wakati uleule chipu za kwingine zilipokuwa zikifurika. Tangu mwaka 2009 hivi, serikali za majimbo na miji ya China zilikuwa zikitoa ruzuku kwa viwanda vinunue mitambo ya kuoteshea nitraidi ya galiamu, na mitambo hiyo ilifanya kazi juu ya yakuti, si juu ya kabaidi ya silikoni. Chipu zake hazikuufikia ubora wa Cree, lakini balbu ya sebuleni haihitaji chipu bora duniani. Inahitaji chipu inayotosha, na kwa bei inayotosha.

Mwezi Machi 2013 Cree ilitoa balbu yake kupitia maduka ya Home Depot ya Marekani. Ilikuwa na umbo la balbu ya kawaida, ilitumia wati 9.5 kutoa mwanga wa balbu ya wati 60, ilikuwa na waranti ya miaka 10 na iliuzwa dola 12.97, ile iliyochukua nafasi ya wati 40 ilikuwa chini ya dola 10. Ninaamini ni mojawapo ya bidhaa zilizobadilisha fikra za watu kuhusu LED, kwa maana kabla yake balbu za aina hiyo zilikuwa ghali na zenye maumbo ya ajabu. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Juni 2014, mauzo ya kampuni yote yalifika dola bilioni 1.65, na mwaka uliofuata taa zilileta zaidi ya nusu ya mauzo. Kampuni ya fuwele ilikuwa imegeuka kampuni ya taa.

Lakini mwaka 2015 Philips iliweka sokoni balbu mbili za kuchukua nafasi ya wati 60 kwa dola 4.97. Bei ya balbu moja ilikuwa imeshuka kutoka karibu dola 13 hadi dola 2 na nusu ndani ya miaka miwili. Katika bei hiyo hakuna nafasi ya kulipia kitanda ghali cha fuwele, wala utafiti wa Durham, wala waranti ndefu. Wakongwe waliihisi hali hiyo vilevile: Osram iliuza biashara yake ya balbu kwa kundi lililoongozwa na Wachina, Philips ikaitenga biashara yake ya taa ambayo leo inaitwa Signify, na General Electric, ambayo mizizi yake ni kampuni ya Edison, ikauza biashara yake ya taa za nyumbani mwaka 2020. Ninachokilaumu kwa Cree si kuingia katika taa, kwani bila msukumo wake mabadiliko yangechelewa, bali kuamini kwamba jina na ubora vingeilinda bei.

Wakati huo wote kulikuwa na kitengo kimoja kisichozungumzwa sana. John Palmour na wenzake hawakuiacha nia ya awali ya wanamaji, yaani vifaa vya umeme mkubwa. Januari 2011 Cree ilitoa transista ya MOSFET, yaani swichi ya kielektroniki, ya kabaidi ya silikoni iliyotangazwa kuwa ya kwanza kuuzwa kibiashara. Vifaa hivyo vinapoteza umeme kidogo kuliko vya silikoni vinapowasha na kuzima mkondo wa volti kubwa, na magari ya umeme, chaja zake na mitambo ya sola vinavihitaji. Mwaka 2015 kitengo hicho kilipewa jina la Wolfspeed, na Julai 2016, kwa mshangao wangu hadi leo, viongozi walikubali kukiuza kwa Infineon ya Ujerumani kwa dola milioni 850 ili wabaki na taa. Februari 2017 mpango huo ulivunjika, kwa kuwa kamati ya serikali ya Marekani inayochunguza uwekezaji wa kigeni iliona hatari kwa usalama wa taifa. Kamati hiyohiyo ilikuwa imekwamisha mwaka uliotangulia mauzo ya Lumileds, kampuni ya LED ya Philips, kwa wawekezaji wa China.

Kizuizi hicho ndicho kilichoigeuza historia. Chuck Swoboda, aliyeongoza tangu 2001, aliondoka mwaka 2017, na nafasi yake ikachukuliwa na Gregg Lowe, mtu wa semikonda, yaani biashara ya chipu za kielektroniki. Yeye alifanya kinyume cha mpango wa mtangulizi wake: alibaki na fuwele na kuuza taa. Mwezi Mei 2019 kitengo chote cha taa, pamoja na kilichotokana na Ruud, kilikwenda kwa IDEAL Industries ya Illinois kwa thamani iliyotajwa kuwa hadi takriban dola milioni 310. Linganisha na milioni 525 zilizolipwa kwa Ruud peke yake. Machi 2021 kitengo cha chipu za LED kilikwenda kwa SMART Global Holdings, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Penguin Solutions, kwa bei ambayo ingefika dola milioni 300 iwapo malengo yangetimia. Oktoba 2021 kilichobaki kikaitwa Wolfspeed na kuhamia soko la hisa la New York.

Kilichofuata kinahuzunisha, kwa sababu ndicho kilekile kwa mara ya pili. Wolfspeed ilifungua kiwanda kipya Marcy, jimbo la New York, Aprili 2022, cha vibamba vya milimita 200, kisha ikaanza kujenga kingine cha fuwele Siler City, North Carolina. Ilikopa mno; kampuni ya chipu ya Renesas ya Japani peke yake iliweka amana ya dola bilioni 2 ili ihakikishiwe vibamba. Soko la magari ya umeme likakua polepole kuliko ilivyotarajiwa, kiwanda kikachelewa kufikia uzalishaji wake, na wazalishaji wa China wakaingia katika kabaidi ya silikoni yenyewe na kuporomosha bei ya vibamba. Juni 30, 2025 kampuni iliomba ulinzi wa Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, ikiwa na madeni ya takriban dola bilioni 6.5. Sura hiyo haifungi kampuni. Inaipa nafasi ya kupatana na wadai huku ikiendelea kufanya kazi. Septemba 29, 2025 ilitoka mahakamani ikiwa imepunguza takriban asilimia 70 ya madeni, na wenye hisa wa zamani wakaachiwa sehemu ndogo sana ya kampuni.

Sasa turudi kwenye uwanja wenu. Usiiandikie Wolfspeed kuhusu taa hizo; tangu mwaka 2019 mkondo wa Cree Lighting ni mwingine, na kampuni inayojiita Cree LED inauza chipu tu. Waranti ya taa za mwaka 2014, hata kama ilikuwa ya miaka 10, imekwisha. Taa za nje za aina hiyo zinapozima katika mji wa pwani, kagua draiva (kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye LED) kwanza, kifaa cha kuzuia mruko wa umeme, na viungo vilivyoliwa na hewa ya chumvi, kabla hujazilaumu chipu. Fungua taa moja, nakili kutoka kwenye kibandiko cha draiva mkondo wa kutoka kwa miliampia, kiwango cha volti na aina ya udhibiti wa mwanga kama upo, kisha tafuta draiva ya kampuni yoyote yenye vipimo hivyo na yenye kinga ya maji ya kiwango kilekile. Mkondo ndio usioruhusiwa kuzidi. Usiponunua kwa jina la Cree hupotezi chochote, kwa kuwa draiva iliyotengenezewa vipimo hivyo itaziwasha chipu zilezile zilizotoka Durham.